Ile P ya kwenye risiti

Mama mmoja, mteja wangu, alikiweka kitabu cha risiti juu ya kaunta, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno lililochapwa kwa herufi kubwa nyekundu, kisha akanyamaza.

Nikasoma. Sikuona kitu. Nikasoma tena.

RECEIT.

"Mwanangu," akasema taratibu, "wazazi wananilipa niwafundishe watoto wao Kiingereza."

Ana shule ya chekechea, ya Kiingereza tupu. Vitabu vilikuwa 40, kila kimoja kurasa 50 na nakala zake 50, vyote vimeshapigwa pini, vimekatwa, vimefungwa mafungu ya kumikumi. Aliyepanga ule ukurasa ni mimi, si kijana wangu wa dukani kama nilivyojaribu kujidanganya usiku ule. Kompyuta nayo haikupiga mstari wake mwekundu, kwa sababu programu ninayotumia huyaruka maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, mpaka uiambie isiyaruke. Hilo nimelijua siku ile, baada ya miaka tisa ya kuuza huduma ya kuchapa.

Nilimwomba radhi, nikachapa upya kwa pesa yangu. Hasara ya pesa iliniuma wiki moja ikapoa.

Ile P haikupoa.

Sikio halikukosea

Kilichonikera ni kwamba niliandika nilichosikia. Neno sahihi ni "receipt", na tangu nizaliwe sijamsikia mtu akiitamka P yake, awe Mwingereza au Mgogo. Kiswahili chenyewe kililipokea neno kwa sikio kikaandika "risiti", kazi ikaisha. Ndivyo tulivyofanya kwa mengi: "sign" likawa saini na G yake ikabaki bandarini, "campaign" likawa kampeni, "judge" likawa jaji. "Cupboard" zamani lilikuwa kweli ubao wa kupangia vikombe. Limefika kwetu kama kabati, na fundi seremala anayeligonga misumari hajui kuwa ndani yake kuna kikombe. Na "colonel", ambalo wenyewe wanaliandika Kiitaliano na kulitamka kwa mabaki ya Kifaransa cha zamani? Jeshini kwetu ni kanali, saluti, twende.

Basi nikawa nikifunga duka nawasha bando la usiku na kuisaka P.

Nilichokikuta kilinichekesha kwanza. Neno hili liliingia Uingereza na Kifaransa cha Wanormani, wale walioivamia nchi mwaka 1066, na kwa muda mrefu Waingereza waliliandika "receite". Bila P. Kwa maana hiyo vitabu vyangu 40 vingepita bila neno katika karne ya 14. Kosa langu lilikuwa kuchelewa miaka 600.

P ililetwa na wasomi. Katika karne ya 15 na ya 16 watu wenye elimu Uingereza walikuwa wanakipenda Kilatini jinsi baadhi yetu tunavyopenda kuchomeka Kiingereza kikaoni. Waliona kwamba neno la Kilatini ni "recepta", maana yake kilichopokelewa, na kwamba vinywa vya Wafaransa vilikuwa vimeisaga P ile karne kwa karne mpaka ikaisha. Wakaona aibu. Wakairudisha kwenye karatasi.

Vinywa vikagoma.

Wakafanya hivyo hivyo kwa deni. Waingereza waliandika "dette", kama Wafaransa. Wasomi wakakumbuka "debitum", wakachomeka B: "debt". Shaka ilikuwa "doute". Wakakumbuka "dubitare", B nyingine: "doubt". Samaki aliyekuwa "samoun" akapewa L ya Kilatini akawa "salmon", na mpaka leo hakuna anayeila hiyo L. Hata Shakespeare aliliona jambo hili. Katika tamthilia yake moja ya kuchekesha iliyochapishwa mwaka 1598 kuna mwalimu mjuaji anayefoka kwamba watu wanatamka "det" badala ya kuitaja B yake: d, e, b, t, anawatajia herufi mojamoja. Watazamaji walikuwa wakimcheka mwalimu.

Miaka mia nne na ushee baadaye, mwalimu ameshinda, angalau kwenye karatasi. Mimi ndiye ninayechekwa.

Deceit

Ningeweza kumsamehe yule msomi, asiye na jina wala kaburi ninalolijua, kama angekuwa mtu wa haki. Hakuwa. "Receipt", "deceit" na "conceit" ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini cha kushika na kuchukua. P akapewa mmoja tu. Ukiandika "deceit" bila P uko sawa. Ukiandika "receit" bila P, unachapa vitabu 40 upya.

Na wakati mwingine karatasi ilikishinda kinywa. "Fault", yaani kosa, lilikuwa "faute". Wakalichomekea L kwa ajili ya Kilatini, na safari hii watu polepole wakaanza kuitamka. Leo L inasikika, na anayeiacha anaonekana hajasoma. Kwa nini L ya "fault" ilikubaliwa na L ya "salmon" ikakataliwa? Nimetafuta kanuni nikachoka. Nadhani ni bahati nasibu tu, na nasema hivyo kwa uchungu wa mtu aliyenunua tiketi mbaya.

Kisiwa kilichovishwa mtumba

Lakini aliyenimaliza ni "island".

P ya "receipt" angalau ni ya ukoo, babu yake alikuwa nayo. S ya "island" si ya ukoo wowote. Neno hili ni la Kiingereza cha tangu enzi, "iegland", sehemu ya kwanza ikihusu maji na ya pili ikiwa nchi. Likaja kuwa "iland". Pembeni yake kulikuwa na neno jingine, "isle", lililotoka Kifaransa na nyuma yake Kilatini "insula". Maana zinafanana, sauti zinakaribiana, basi watu wa karne ya 16 wakadhani ni ndugu, wakaichukua S ya "isle" wakamvisha "iland". Hawana undugu hata wa mbali.

Wafaransa wenyewe walikuwa wameacha kuitamka ile S zamani. Mwaka 1740 kamusi ya chuo chao cha lugha ikaifuta katika maneno mengi, ikaweka kofia ndogo juu ya vokali kama kumbukumbu. Wakalivua vazi. Waingereza mpaka leo wanalivaa, tena walilivalisha neno ambalo halikuwa hata na kipimo hicho.

Mtumba kabisa.

Wachapaji wenzangu

Kuna usiku nilikutana na watu wa kazi yangu.

William Caxton, mzaliwa wa Kent, aliishi miaka mingi Bruges, akajifunza uchapaji ng'ambo, kisha mwaka 1476 akafungua mtambo wa kwanza wa kuchapa nchini Uingereza, pale Westminster. Mtambo ulihitaji watu wa kupanga herufi za risasi mojamoja, na waliojua kazi hiyo walitoka huko alikotoka yeye, ng'ambo ya bahari. Kwao pepo, mzimu, aliandikwa "gheest", kwa GH. Waingereza waliandika "gost". Mpanga herufi akafuata mkono wake ulivyozoea, akaweka H, na "ghost" akatoka na H isiyotamkwa mpaka kesho.

Nililisoma hilo nikaketi kimya kwa muda. Mtu mmoja kwenye karakana, jioni, amechoka, mkono unakwenda wenyewe, herufi moja inazidi. Hakuna mama wa chekechea aliyemrudia na kitabu mkononi. Kosa lake sasa linafundishwa darasani. La kwangu lilipungua herufi badala ya kuzidi, nikalipa.

Wakati wale wachapaji wanagandisha tahajia kwenye risasi, matamshi ya Kiingereza yalikuwa ndiyo kwanza yanabadilika kwa kasi. Vokali ndefu zilihama kiti zote, konsonanti kadhaa zikazimika. Ndiyo maana ukisoma Kiingereza unakuwa kama unaangalia picha ya harusi ya watu ambao wameshazeeka.

Kinigiti

Waliosoma shule zetu za msingi wanaijua mbinu hii. Mwalimu anasema Jumatatu kuna imla, basi unakariri maneno kwa kuyasoma Kiswahili. "Wed-nes-dei." "Be-a-u-ti-fuli." "K-ni-fe." Rafiki yangu mmoja Tanga alikuwa bingwa wa "knight", aliliita "kinigiti", na darasa zima tulikuwa tunaanguka kwa kicheko.

Kumbe kinigiti alikuwa karibu na ukweli kuliko mwalimu.

K ya "knight", ya "knife" na ya "knee" haikuchomekwa na msomi yeyote. Ilitamkwa. Waingereza wa kale walisema "cniht", K yake ikisikika wazi, na GH ya leo ikiwa ile sauti ya kooni tunayoijua katika "kheri" ya Mzanzibari. Wakati huo maana yake ilikuwa mvulana, au mtumishi, na kwa Wajerumani ndugu yake "Knecht" amebaki mtumishi hadi leo, wakati huyu wa Uingereza amepanda cheo akapewa farasi na upanga. K ilianza kuzimika vinywani kwenye karne ya 17. W ya "write" nayo ilitamkwa, na kuandika maana yake ya kwanza ilikuwa kukwaruza, kuchora kwa ncha. B ya "lamb" na ya "comb" ilitamkwa. D ya "Wednesday" ni ya Woden, mungu wao wa zamani, ambaye kila katikati ya wiki anatajwa nusu jina.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kupasuka vipande viwili. Kuna herufi bubu ambazo ni marehemu wa kweli: waliishi katika neno, wakafa, jina likabaki juu ya kaburi. Na kuna makaburi matupu, kama S ya "island" au B ya "thumb", ambako hakuwahi kuzikwa mtu. "Thumb" lilikuwa "thuma". B waliiongeza tu, kwa kuwafuata jirani zake.

P yangu sikujua niiweke upande gani. Aliyekufa alikuwepo kweli, ila alifia Ufaransa, akazikwa Uingereza.

Selasini

Kama mtu yeyote niliyemsikia akijivunia Kiswahili, nilikuwa na sentensi yangu: sisi tunasoma kama tulivyoandika. Niliisema sana siku zile, hadi kwa wateja ambao hawakuuliza.

Kisha akaja kijana na barua ya kuomba kazi, imeandikwa kwa mkono, anataka ichapwe. "Mimi ni kijana wa miaka selasini na mbili." Chini kidogo, "apo awali nilikuwa dereva". Nikamrekebishia kimyakimya, ndiyo huduma: thelathini, hapo. Nikamtolea nakala. Akaisoma kwa sauti aikague, kidole kinatembea juu ya mstari. Alipofika pale akasoma "selasini na mbili", akaendelea "apo awali", akatikisa kichwa kuridhika, akalipa.

TH ilikuwa pale, nimeichapa mwenyewe. H ilikuwa pale. Aliziangalia akazipita kama mtu anavyopita picha ya babu ukutani.

Unyoofu wetu wa tahajia, ukiufikiria, ni wa juzi. Mkutano wa Mombasa uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Hiyo ndiyo picha yetu ya harusi, haijafikisha hata miaka 100. Wazee wetu waliandika "khabari"; kinywa kilipoilegeza KH, tukafuta na kwenye karatasi, tukabaki na habari. Tulikuwa bado tuna ujasiri wa kufuta. Sijui kama leo kuna anayethubutu kuifuta H ya "hapo". Mimi nisingethubutu, na mdomoni nasema "saivi" siku nzima.

Makara

Wiki mbili baada ya hapo akaja mzee mmoja Mrundi. Duka langu liko Kigoma, Warundi ni majirani. Anauza mkaa, alitaka bango. Alikuwa ameandika kwenye kipande cha boksi: TUNAUZA MAKARA.

"Mzee, hapa tuweke MAKAA. Au MKAA."

"Weka unavyojua wewe. Kwetu ni amakara."

Nilikuwa nimeshika kipanya, nikakiachia.

"Na njaa mnaitaje?"

"Inzara."

"Njia?"

"Inzira." Akaanza kunitazama kwa wasiwasi. "Bango litakuwa bei gani?"

Makaa, amakara. Njaa, inzara. Njia, inzira. Kila mahali ambapo Kiswahili kina vokali mbili zimegusana, Kirundi kina konsonanti katikati. Waganda nao njaa wanaiita "enjala", kwa L. Wamijikenda pale Pwani husema "kukala" ambapo sisi tunasema kukaa. Kumbe katikati ya maneno yetu kulikuwa na mtu. Alikuwa L. Kiswahili kilimmeza kati ya vokali na vokali, na hakuna aliyeweka hata kofia ndogo ya kumkumbuka.

Nilidhani amekufa kabisa, mpaka nilipoanza kuvinyumbua vitenzi. Kaa: kalia. Vaa: valia. Zaa: zalia, mzaliwa. Nunua: nunulia. Toa: tolea. Ukilivuta neno kidogo tu, L huyo anatokea na kuketi mahali pake pa zamani kama hakuna kilichotokea.

Na Kiingereza kinafanya vilevile! G ya "sign" ni bubu, lakini livute liwe "signature", inasema. B ya "bomb" imelala, "bombard" inaamka. N ya "autumn" inasubiri "autumnal". Na P yangu, ile P, ukilivuta neno ukafika kwa ndugu yake "reception", iko pale inatamkwa mchana kweupe.

Tofauti ni malipo. Waingereza wanampa herufi mshahara wa mwezi hata siku asizokuja kazini. Sisi L ni kibarua, tunamwandika siku aliyofika.

Nilikuwa na kitabu cha risiti cha mteja mwingine mezani, cha Kiswahili, nasubiri kukikata. Juu: "Nimepokea kutoka kwa", halafu nukta nyingi. Chini, penye sahihi: "Imepokelewa na", halafu nukta nyingi. Neno ni lilelile. Mstari wa juu L hayupo, wa chini yupo. Nimechapa ukurasa huo mara zisizo na hesabu. Na "receipt" maana yake ni hiyohiyo, kilichopokelewa. Hata stakabadhi, tunayoiona ni neno la kiofisi, imekaa nyumba moja na kukabidhi.

Nilitamani kumpigia yule mama simu nimweleze. Saa tano usiku. Sikupiga.

Vile vitabu 40

Mama amerudi mwezi huu, anataka vyeti vya mahafali. Nilimwamkia, tukaongea habari za shule, kisha nikamweleza mambo ya L na P, nadhani kwa dakika kumi nzima. Alinisikiliza kwa adabu.

"Sawa baba," akasema. "Ila kwenye 'Certificate' usiniwekee herufi isiyokuwepo."

Vile vitabu vyenye kosa nilishavipitisha kwenye mashine ya kukatia, nikaondoa kichwa chenye jina la shule, nikavigeuza karatasi za kuandikia. Nyuma ni nyeupe. Yule mzee wa mkaa alichukua fungu zima, nusu bei, ndiyo daftari lake la madeni sasa. Juzi nilikopa gunia moja. Alilaza karatasi juu ya goti akaniandika hapohapo, polepole, kwa kalamu ya bluu, nami nikasimama nachungulia.

Mbele imebaki RECEIT. Nyuma ameandika: "makara gunia 1, mtu wa steshenari".